Jinsi Mitungi ya Gatongora Ilivyofika Hungaria

Mpendwa Nyambura,

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya likizo. Chai iko mezani, baba yako ametoka kidogo, na mimi nimekaa na kalamu kama mwanafunzi anayengoja imla. Najua tulizungumza juzi kwa simu na utajiuliza barua ni ya nini. Ni kwamba kwa simu unanikatiza. Ukifurahi unaongea mimi bado naongea, na siku hizi umefurahi mfululizo, kwa hivyo kuna mambo mengi nimeyaanza na sijawahi kuyamaliza.

Tena kuna hawa watu. Kila nikienda soko la Ruiru kuna mzazi ananishika mkono. "Mwalimu, ni kweli wako alienda ng'ambo kusomea udongo?" Wengine huuliza kwa huruma, kana kwamba nimefiwa. Wengine wana mtoto nyumbani anayechora kila ukuta na wanataka kujua kama huo ni ugonjwa. Nimechoka kueleza nikiwa nimebeba sukuma wiki. Basi barua hii ni yako, lakini nimeiacha wazi ili na wao waisome.

Nianzie Gatuanyaga, kijijini kwa shosho yako, mama ya baba yako. Unakumbuka likizo za Desemba? Ule udongo mweusi wa kule, mvua ikinyesha, unanata viatuni mpaka mtu anatembea kama amevaa matofali. Watoto wenzako walikuwa wanatafuta kijiti waukwangue na kuutupa. Wewe ulikuwa unapita nyuma yao ukiukusanya. Ulikusanya matope ya viatu vya watu wote, hata vya pasta aliyekuja kutuombea, na yule mtu akasimama mguu mmoja mlangoni akisubiri umalize. Kisha ukakaa kando ya banda la kuku ukatengeneza akina mama wa kanisa, wameketi kwenye benchi, kila mmoja na kitambaa chake kichwani. Shosho alitoka na karai la mahindi, akainama, akaangalia. "Huyu ni Mama Ciru," akasema. "Hata hapa anasinzia."

Jioni mvua ikarudi ikawayeyusha wote. Ulilia hadi ukakosa sauti. Asubuhi nilikukuta mlangoni, unangoja watu waingie na viatu.

Wewe ndiwe binti yetu wa kwanza, kwa hivyo ulichukua jina la shosho kama desturi yetu ilivyo, na ndiyo maana baba yako hakuiti Nyambura. Anakuita Mami. Nalisema hili kwa ajili ya wasomaji, maana litakuja kuwa na maana mbele.

Ulipopata nafasi ya kusomea uhandisi wa ujenzi pale chuo kikuu cha Juja, baba yako alibadilika mwendo. Yeye ni fundi wa umeme katika kiwanda cha mikate Thika, anatunza zile tanuri kubwa, na nadhani hakuna aliyefanya kazi naye wiki ile ambaye hakusikia habari ya madaraja utakayojenga. Ulikuwa unaishi hosteli Juja na kuja nyumbani wikendi. Na kila wikendi niliona udongo chini ya kucha zako. Sio vumbi la Juja. Udongo laini, wa kijivu. Sikuuliza, kwa sababu uso wako ulikuwa unang'aa, na mtoto akija nyumbani akiwa na uso kama huo mama hupika tu na kungoja.

Uliniambia mwenyewe, Ijumaa moja, nikiwa kwa kiti kidogo cha jikoni namenya waru, viazi vya chakula cha jioni.

"Mum, weka kisu kwanza."

Nikaweka. Mzazi akiambiwa aweke kisu anafikiria ugonjwa au mimba.

"Nimepata nafasi ya chuo. Hungary. Wanalipia kila kitu."

"Si uko chuo tayari?"

"Hii ni ya sanaa. Ufinyanzi. Mum, ni kutengeneza vitu vya udongo kila siku, na kuna maktaba ya rangi peke yake, na tanuri unaweza kuingia ndani ukiwa umesimama." Ulikuwa unaongea huku unazunguka meza. "Nimekuwa nikienda kwa Wacera, yule mfinyanzi wa Thika, kila Jumamosi tangu mwaka wa kwanza. Yeye ndiye alinionyesha hiyo nafasi. Nilituma picha za kazi zangu nikijua watakataa. Hawajakataa."

Ungetarajia niseme niliogopa. Niliogopa baadaye. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa karibu na wivu. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi tangu kabla hujazaliwa, na napenda kazi yangu, lakini sikumbuki siku niliyozunguka meza kwa ajili yake.

Baba yako alisikia wakati wa chakula.

"Vyungu?" akauliza.

"Si vyungu tu, dad."

"Unaacha madaraja uende kusomea vyungu? Sufuria zimejaa kila duka hapa Ruiru."

Alimaliza kula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo analofanya akiwa amekasirika sana, kisha akachukua bisibisi akaenda kukaza soketi ya sebuleni ambayo haikuwa na shida yoyote. Wiki ile alirekebisha nyumba nzima. Mlango wa choo uliokuwa ukilia tangu tuhamie Gatongora, mtaa wetu huu wa Ruiru, ulinyamaza, na yeye pia alinyamaza.

Tukasema labda shosho atamlainisha. Jumapili baada ya kanisa tukaenda Gatuanyaga, wewe ukiwa umevaa sketi ndefu ya kuombea ruhusa. Watu wakisimulia safari zao hupenda kuwa na bibi aliyewabariki. Wako hakubariki.

"Huko kuna ndugu yetu?" akauliza.

"Hakuna, shosho."

"Basi unaenda kwa nani?"

"Naenda shule."

"Shule haina mtu wa kukuuliza kama umekula." Akatazama mikono yako. "Na unaenda na jina langu. Jina langu halijawahi kulala mahali kuna barafu."

Tulirudi Ruiru. Nilidhani imekwisha. Lakini tulipofika getini ulimshika baba yako mkono wa koti. "Dad, njoo kwa Wacera uone mara moja. Ukiona ukatae, nitarudi Juja na sitawahi kuitaja tena." Ulikuwa umeweka kila kitu mezani, na ulijua baba yako ni mtu ambaye neno lake likitoka halirudi.

Alikuja akiwa amevaa koti la mazishi. Karakana ya Wacera iko nyuma ya gereji, upande wa viwandani, na siku ile walikuwa wanafungua tanuri waliyoichoma jana yake. Baba yako alisimama mlangoni, mikono kifuani. Wacera, mama mtulivu mwenye aproni iliyokauka kama ubao, alimsalimia akaendelea na shughuli zake. Mlango wa tanuri ukafunguliwa, joto likatoka, na nikaona macho ya baba yako yameacha kutazama vyungu. Yalikuwa yanatazama ukuta wa ndani, pale koili za umeme zilipozunguka.

"Hii inapanda mpaka digrii ngapi?"

"Hii inapita elfu moja, dad."

"Tanuri zetu za mkate hazifiki hata nusu." Mikono ikashuka. "Na vitu havipasuki?"

Ukamweleza. Kwamba udongo hata ukikauka bado una maji ndani, na moto lazima upande polepole ili maji yatoke bila vita. Kwamba ikishazimwa huwezi kufungua mapema, hata kama unakufa kwa hamu. Akauliza nani anaamua kasi ya kupanda. Ukasema wewe. Akauliza ukikosea. Ukamwonyesha rafu ya vitu ulivyokosea, na ilikuwa ndefu, na ulikuwa unakumbuka kila kimoja kiliharibika kwa nini. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwatazama. Sikuwa nimewahi kuwaona mkizungumza hivyo, fundi kwa fundi. Wacera alituletea chai, ikapoa, tukaletewa nyingine.

Njiani kurudi baba yako alifungua mdomo tulipopita Juja, pale chuo chako kinapoonekana.

"Ni kazi," akasema. "Nilidhani ni mchezo. Kumbe ni kazi." Halafu baada ya muda, "Mami, hiyo tanuri ya Hungary ni ya umeme ama gesi?"

Shosho alikataa kuja uwanja wa ndege. Alipiga simu tukiwa tumeshafika, akaniambia nikwambie uvae soksi mbili mbili, akakata.

Ile miezi ya mwanzo nilikuwa naishi kwa picha zako. Mji wa Pécs, ambao baba yako bado anauita Pechi, na mapaa yake ya vigae vya rangi yanayong'aa kama samaki. Mikate ambayo baba yako aliichunguza kwa kuvuta picha mpaka ikawa ukungu. Wewe kwenye theluji, mikono umeitandaza, meno yote nje. Nilikuwa nazionyesha kwenye ofisi ya walimu mpaka mwalimu mkuu akaanza kuuliza mwenyewe, "Leo ametuma nini?"

Kisha ikaja ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, sijavua hata viatu, ukapiga ukilia. Baba yako akazima televisheni.

Ulisema ulikuwa umefinyanga kwa wiki nyingi kazi ya kufunga muhula. Twiga. Vinyago. Wanawake wenye vyungu kichwani. Uliwaza ndicho wanachotaka kutoka kwa msichana wa Kenya. Nusu yake ikapasuka motoni. Ile nusu nyingine ukaipanga mezani, na mwalimu wako, yule mama wa miwani yenye kamba, akaizunguka polepole akakuuliza, "Nyumbani kwenu mna vitu hivi?"

Ukasema hapana.

"Basi kwa nini unaniletea?"

"Mum, nataka kurudi," ukaniambia. "Niulizie Juja kama watanikubali tena. Sina kitu cha kuonyesha hawa watu. Sina."

Nakwambia leo kwamba mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka kusema njoo. Nilikuwa naona kitanda chako kikiwa kimetandikwa. Baba yako ndiye aliyeinamia simu.

"Twiga zilipasukia wapi? Shingoni?"

"Shingoni," ukasema ukivuta kamasi.

"Shingo ni nyembamba, inakauka kabla ya mwili. Ulipaswa kuifunika."

"Dad, umejulia wapi?"

"Nasoma kwa simu," akasema. "Mambo ya udongo. Watu wengi wanaandika." Na mimi miezi ile yote nilidhani anasoma siasa. Ukacheka katikati ya kilio, kicheko kibaya chenye maji, na mimi nikapata nafasi ya kufunga mdomo na kufikiria.

"Mwalimu alisema nini kingine?" nikakuuliza.

"Alisema nitengeneze kitu ambacho mkono wangu unakijua. Kitu nilichobeba."

"Wewe umebeba nini maishani kushinda mtungi?"

Wasomaji wasio wa Gatongora hawatajua, lakini huku kwetu mfereji hukohoa zaidi ya unavyotoa maji, na kila nyumba ina mitungi yake ya plastiki ya manjano, ile ya lita ishirini iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Ulianza na mdogo ukiwa darasa la tatu. Kufikia sekondari ulikuwa unabeba miwili, mkono huu na huu, unatembea ukiwa umenyooka kama askari.

Nami nilivyo mwalimu, sikuweza kujizuia. "Na ujue mtungi kwa Kiswahili ulikuwa wa udongo," nikasema. "Tangu zamani mtungi ni chombo cha udongo cha kuwekea maji. Plastiki ilikuja juzi tu ikachukua jina."

Nikasikia kiti chako kikisogezwa.

"Mum," ukasema, "rudia hiyo."

Nikarudia. Ulikata simu bila kwaheri. Jioni ile ile ujumbe ukaingia: nitumie picha za mitungi, yote, ya kila mtu, na alama zake.

Hapo ndipo nilipopata kazi ya pili. Jumamosi zikawa za kusimama pale kwenye kisima cha kununulia maji na simu mkononi. Sikuwa nimewahi kuitazama mitungi, nakuapia. Niliiona tu kama maji yenye mpini. Sasa nikaona kila mmoja una mwenyewe. Ule wa binti wa saluni una ua la rangi ya kucha. Ule wa Mzee Karanja umeandikwa K kwa waya wa moto. Wa Mama Brayo, jirani yetu wa ukuta, umefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Wetu umebonyea ubavu tangu ulipouangusha kwenye ngazi, na kifuniko si chake.

Mama Brayo alikuwa wa kwanza kunishtukia.

"Mwalimu, mtungi wangu umefanya nini?"

"Hakuna. Ni Nyambura anauhitaji."

"Huko Ulaya hawana mitungi?"

"Wanayo. Hawana wako."

Akafikiri. Kisha akaupangusa kwa leso na kuugeuza ili upande mzuri unitazame. Nikamwambia Nyambura anataka upande uliochubuka. Aliona ni dharau, akaninunia wiki mbili, halafu akaja mwenyewe kuniuliza, "Umefika wapi?" Tangu hapo kisima kizima kilikuwa kinauliza. Umefika wapi. Umetoka kwa moto. Umetoka mzima.

Na ulikuwa unashindwa, jamani. Mtungi wa kwanza ulikunjamana kama karatasi. Halafu ile rangi ya manjano ikakukataa. Ulituma picha ya mtungi wa kijani, ukatuma wa kahawia, ukatuma mmoja ambao Mzee Karanja alisema ni kama una homa ya manjano hasa. Kila tanuri ikifungwa kule, huku kwetu tulikuwa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Baba yako alikataza mtu kukupigia simu wakati tanuri inapoa. "Mtamtia haraka," akasema. "Atafungua."

Siku uliyotuma ile manjano yenyewe, manjano iliyopigwa na jua la Ruiru na kukwaruzwa na changarawe, nilikuwa darasani. Nilipiga kelele. Wanafunzi wa darasa la sita walidhani nimeona nyoka.

Sasa nije kwenye siku ya maonyesho ya chuo chako, kwa sababu umeniambia mara nyingi ilivyokuwa kule na hujawahi kunipa nafasi nikwambie ilivyokuwa huku.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tuliunganisha simu na televisheni. Nilikuwa nimealika jirani wawili watatu, wakaja wote wa kisima. Viti viliisha, watu wakakaa kwenye mitungi yao waliyokuwa wamekuja nayo. Baba yako alikuwa amemleta shosho kutoka Gatuanyaga, akamketisha mbele kabisa, na shosho akauliza kama hilo ni kanisa.

Ukatokea kwenye skrini. Umesuka, umevaa shati jeupe. Nyuma yako watu waliovaa nyeusi wameshika glasi. "Mko tayari?" ukauliza. Ukageuza simu.

Foleni. Foleni yetu, Nyambura. Mitungi sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine, imeanza mlangoni, ikapinda pale katikati kama inavyopinda pale kisimani kukwepa lile jiwe, ikaenda hadi ukutani. Nikasikia friji.

Mama Brayo akasimama. "Ule ni wangu."

"Ni wako," ukasema kutoka kule.

"Hata kitambaa?"

"Hata kitambaa ni udongo, Mama Brayo."

Akakaa chini akashika mdomo. Mzee Karanja akasogea hadi pua ikagusa televisheni. "K yangu iko wapi? Aaah. Niko nyuma ya nani?" Ukamwonyesha. Alikuwa nyuma ya Mama Brayo. "Hata Ulaya ananitangulia," akasema, na hapo nyumba ikalipuka. Watu walikuwa wanaonyesha, wanabishana, wanapiga picha skrini. Binti wa saluni alilia kwa sababu ya lile ua. Baba yako alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwona akijifuta uso na kitambaa cha vyombo, kwa hivyo usiamini akikwambia alikuwa anapasha chai.

Kisha shosho akainua mkono kama mtu aliye mkutanoni.

"Hizo zinashika maji?"

Nikaona macho yako. Ulikuwa umengoja swali hilo miezi. Ulimpa mtu simu, ukachukua chupa ya maji kutoka meza ya vinywaji, ukapiga magoti kando ya mtungi wetu uliobonyea, na mbele ya wazungu wote wale ukamimina. Ukamimina chupa ya pili. Mwalimu wako wa miwani alikuja kusimama karibu. Tulingoja, sisi huku na wao kule, tukiangalia sakafu. Ilibaki kavu.

"Zinashika, shosho."

"Basi ni sawa," akasema, akaomba chai nyingine. Lakini alipokuwa anaondoka nilimsikia akimwambia Mama Brayo kwamba huyo msichana ana jina lake.

Mwalimu wako alisema maneno mengi kwenye simu na wewe ukatafsiri moja tu, ukiwa umeona haya. Ulisema anasema watu wanaoingia kwenye chumba hicho husimama nyuma ya mtungi wa mwisho bila kuambiwa na mtu, na yeye mwenyewe alijikuta hapo asubuhi, amepanga foleni, anangoja zamu.

Nimelifikiria hilo sana, nikisahihisha insha. Najua umetukosa, na sisi tumekukosa, sitajifanya. Kuna jioni napakua chakula nahesabu vibaya. Lakini zamani nilidhani mtoto akienda mbali anapungua, kidogo kidogo, kama sabuni. Wewe hukupungua. Ulienda mbali ndipo nikaanza kukiona kisima ninachopita kila siku. Wanafunzi wangu sasa wananiletea vitu: mpini wa sufuria, kandambili iliyoshonwa kwa waya, na wananiuliza jina lake la Kiswahili sanifu, na mara nyingine sijui, na tunatafuta pamoja. Nimepata kitu cha kuzungukia meza.

Na sasa wanataka foleni yetu katika jumba kubwa la makumbusho huko mji mkuu, mwezi wa Agosti. Na chuo kimekuchukua uendelee na shahada ya pili. Uliponiambia, ulikuwa ukingoja niulize utarudi lini. Siulizi. Endelea, Mami. Ukimaliza udongo wa huko, wa huku haujaisha.

Mimi ndiye ninayekuja. Baba yako ameamua hivyo. Nilimwambia aende yeye kwa sababu ya tanuri, akasema, "Nenda wewe, ndiwe uliyepiga picha. Mimi nitaenda maonyesho ya pili." Hana shaka hata kidogo kwamba kuna ya pili. Pasipoti nimepata. Viza bado naiomba, lakini nimeshaanza kusafiri kichwani; juzi nilimsalimia mwalimu mkuu kwa Kihungaria na akaniuliza kama niko sawa.

Jana nilienda Thika kupigwa picha ya viza. Mpiga picha, msichana wa rika lako, akanikalisha kwenye stuli, akaniambia nitazame mbele na nifunge mdomo. Akapiga. Akatazama. "Mama, umecheka. Hawataki mtu anacheka." Akapiga tena. "Bado." Akapiga tena. Nyuma yangu watu walishaanza kujaa wakingoja zamu zao. "Unaenda kufanya nini huko?" akaniuliza.

"Naenda kuona kazi ya binti yangu."

Ikawa mbaya zaidi. Akaweka kamera chini akanitazama kwa upole. "Mama, hebu fikiria kitu cha kuhuzunisha. Kidogo tu."

Nikafunga macho nikatafuta. Nilitafuta kwa bidii, Nyambura, watu wakingoja. Nikakosa.

Mimi, anayekuja kwako,
Mamako